Mpokeaji hahami na takwimu zake

Mashabiki wengi wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo huamini mpokeaji nyota (mchezaji anayedaka mipira inayorushwa) akihamia chuo kipya ataanzia pale alipoishia. Sivyo. Mwaka 2021, akiwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, mpokeaji Jordan Addison alidaka mipira 100 kwa yadi 1,593 na kutwaa Tuzo ya Biletnikoff, ya mpokeaji bora wa vyuo. Alipohamia USC (Chuo Kikuu cha Southern California) 2022, alidaka 59 kwa yadi 875.

Kiwango kilishuka? Hata kidogo! Aliumia mguu, na kotabeki (mrushaji wa mipira) Caleb Williams alikuwa na wadakaji wengi wa kugawia mipira. Tena, mara nyingi mpira hurushwa kabla mpokeaji hajageuka; akichelewa hatua moja tu, unampita. Kuzoeana huko hakuji kwa wiki mbili. Na USC, iliyoshinda mechi 4 msimu uliotangulia, ilishinda 11 akiwa nayo.