Kuwaka kwa kiki moja si ushahidi wa injini nzima

Kwenye vijiwe vya bodaboda hapa Tabora utaambiwa: pikipiki iliyotumika ikiwaka kwa kiki moja, lipa. Si kweli. Injini iliyokwisha pata moto huwaka kirahisi hata kama imechoka, na muuzaji anaweza kuipasha kabla hujafika. Nenda asubuhi, sogeza kiganja karibu na injini. Iwe ya baridi, ndipo uwashe. Mvuke mweupe wa bomba la moshi unaopotea baada ya muda mfupi usikutishe. Moshi wa bluu ndio wa kuogopa: oili inaungua, mara nyingi kwa sababu ringi za pistoni zimelika au sili za valvu zimechoka. Cheni na matairi hubadilishwa. Fremu iliyopinda ni balaa. Na namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye fremu, isipolingana na kadi ya usajili, ondoka.