Mwawafundisha wanetu wazimu?

Swali hilo aliniuliza mama mmoja mlangoni pa darasa, siku tulipoanza somo la afya ya akili na kidato cha pili hapa Lamu. Hakuwa mkali. Alikuwa na hofu, na hofu yake ndiyo ya kwanza kati ya dhana potofu kuhusu afya ya akili: ukimtajia kijana habari za kujiua, umemtia fikra ambayo hakuwa nayo.

Si kweli. Utafiti wa miaka mingi haujaonyesha kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujidhuru kunamtia fikra hiyo. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Siku ile niliweka kikapu cha ukili mezani, kila mwanafunzi aandike swali bila jina. Karatasi moja ilikunjwa mpaka ikawa ndogo kama punje ya hindi: "Mtu akilia kila usiku na hajui kwa nini, ana jini?" Mwenye swali alikuwa nalo kabla sijafungua kinywa. Alikosa pa kulipeleka tu.

Kuhusu jini, simnyang'anyi mtu imani yake. Kisomo na dua humtuliza mgonjwa. Kosa ni kudhani kwamba akisomewa hahitaji daktari. Dini yetu imetuamrisha kutafuta dawa, na hospitali ya Mansuri ya Cairo, iliyojengwa miaka ya 1280, ilikuwa na sehemu ya kutibia wagonjwa wa akili.

Wengine husema watoto hawana mawazo, mawazo ni ya wazazi wao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 42, hao ni 6.

Na mgonjwa wa akili ni wa kuogopwa? Walio wengi hawamdhuru mtu. Wao ndio hurushiwa mawe vichochoroni.

Inayoniuma zaidi ni ile ya kwamba aliyejaribu kujiua ni mhalifu. Kwa miaka mingi ndivyo sheria ya Kenya ilivyosema, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu aliyehitaji tabibu alitishwa na jela! Ndugu wakificha, mgonjwa akibaki ndani bila dawa.

Yule mama nilimkaribisha akae dawati la nyuma. Kipindi kilipokwisha akanisogelea, sauti chini.

"Mwalimu, na mtoto asiyetaka kuamka, haendi tena hata kuogelea na wenziwe, huo si uvivu?"

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mwezi uliopita."

Nikamwambia ikipita wiki mbili hivyo, asingoje tena. Ampeleke hospitali, aeleze kama alivyonieleza mimi. Akaniomba karatasi na kalamu, ayaandike asije akayasahau.