Je, wajua? Jarida na risasi vilitoka ghala moja

Polisi wakitangaza kwamba wamemnasa mtu na bunduki na "magazini mbili", hakuna anayedhani alikuwa amebeba majarida. Lakini kwa Kiingereza neno ni hilohilo: magazine ni jarida, na magazine ni kile kisanduku cha risasi. Imekuwaje?

Chanzo ni Kiarabu. Khazana ni kuweka akiba. Pa kuiwekea ni makhzan, yaani ghala, na yakiwa mengi ni makhazin. Wafanyabiashara wa Italia katika Bahari ya Mediterania waliuchukua wingi huo wakaufanya umoja: magazzino. Ni sawa na mgeni anayesikia "maghala" hapa kwetu, kisha akaulizia bei ya maghala moja! Kutoka hapo Wafaransa wakapata magasin, ambalo leo kwao ni duka, na katika karne ya 16 neno likaingia Uingereza, bado likiwa ghala.

Huko ndiko lilikopata sura mbili. Jeshini, ghala lililotajwa zaidi lilikuwa la baruti na silaha. Baadaye jina likahamia kwenye ghala dogo kuliko yote, lile linalochomekwa kwenye bunduki. Waandishi nao walikuwa wameanza kukiita kitabu kilichosheheni maarifa "ghala". Mwaka 1731, mchapishaji Edward Cave wa London akatoa The Gentleman's Magazine, chapisho la kila mwezi lililokusanya habari, insha na mashairi. Lilipendwa, wengine wakaiga, na jina lake likawa la majarida yote.

Gazeti, kwa njia, si ndugu yake, hata kama yanagongana masikioni. Hilo ni la Venice, ambako gazeta ilikuwa sarafu ndogo, na karatasi ya habari ikaitwa kwa jina la sarafu hiyo.

Na Kiswahili? Sisi hatukuwangoja Waitaliano. Mzizi ule wa khazana tuliupata kwa Waarabu wenyewe, ukatupa hazina, na kutoka hapo mhazini, yule anayetunza fedha za chama. Morocco wamekwenda mbali zaidi: dola yenyewe huitwa Makhzen, maana kodi ilipowekwa ndipo mamlaka yalipokaa. Magazini ya bunduki ilitufikia baadaye, kupitia Kiingereza, ikakuta ndugu yake hazina yuko hapa zamani, na hakuna aliyewatambulisha.