Jimmy Speirs: nahodha aliyekwenda vitani kabla sheria haijamwita

Kwa miaka mingi nimekuwa nikichunguza maisha ya wanakandanda waliouawa katika Vita Kuu ya Kwanza, na ninayemrudia mara nyingi zaidi ni Jimmy Speirs, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1886 huko Govan, penye viwanda vya meli kando ya mto Clyde. Wengi humsimulia kwa bao lake moja. Naamini tarehe aliyojiandikisha jeshini inastahili kusomwa kwa makini yaleyale.

Alianzia Rangers, na Machi 1908 akaichezea Uskoti dhidi ya Wales, mechi yake pekee katika timu ya taifa. Baada ya msimu mmoja katika klabu ya Clyde, alihamia Bradford City ya Uingereza mwaka 1909, na huko ndiko alikopata sifa.

Tarehe 22 Aprili 1911 aliiongoza Bradford kama nahodha katika fainali ya Kombe la FA pale Crystal Palace, London, dhidi ya Newcastle United waliokuwa wakitetea kombe hilo. Hakuna aliyefunga. Mechi ilirudiwa siku nne baadaye Old Trafford, na katika dakika ya 15 Speirs akafunga kwa kichwa bao lililodumu hadi filimbi ya mwisho. Msomaji wa leo asilione bao hilo kuwa dogo. Sheria ya kuotea ya wakati huo ilitaka wapinzani watatu, si wawili kama sasa, wawe kati ya mshambuliaji na mstari wa goli pasi inapotolewa, na haikubadilishwa hadi 1925, kwa hiyo beki mmoja mwerevu aliyesogea mbele kwa wakati aliweza kuzima shambulizi zima. Kombe lenyewe lilikuwa jipya, na lilitengenezwa na masonara wa Bradford, hivyo Speirs na wenzake, ambao wanane kati ya kumi na mmoja walikuwa Waskoti, walilirudisha mjini lilikotoka. Hadi leo klabu hiyo haijatwaa taji jingine kubwa.

Desemba 1912 Herbert Chapman, meneja wa klabu ya Leeds City, alimnunua kwa pauni 1,400.

Ligi ilisimamishwa msimu wa 1914/15 ulipomalizika, na Mei 1915 Speirs akajiunga na kikosi cha Cameron Highlanders. Hapa ndipo tarehe zinaposema. Sheria ya kuwalazimisha wanaume kuingia jeshini ilipitishwa Januari 1916, na mwanzoni iliwagusa makapera na wajane wasio na watoto wa kuwalea. Waliooa waliongezwa Mei mwaka huo. Speirs alikuwa na mke na watoto wawili. Angeweza kubaki nyumbani mwaka mzima pasipo kuvunja sheria yoyote, ingawa sikatai kwamba kukatika kwa mishahara ya kandanda na shinikizo la magazeti dhidi ya wachezaji vilimgusa kila mwanakandanda wa siku zile. Hata hivyo, nikiziweka tarehe hizo sambamba, naona mtu aliyeamua mwenyewe.

Alipelekwa Ufaransa mwaka 1916, akajeruhiwa, akapona, akarudi mstari wa mbele. Mwaka 1917 alitunukiwa Medali ya Kijeshi, ambayo ilitolewa kwa ushujaa vitani na haikuwa ya maofisa, bali ya askari wa kawaida na wa vyeo vya chini kama yeye. Akapandishwa kuwa sajenti. Tarehe 20 Agosti 1917, katika mapigano ya Passchendaele nchini Ubelgiji, aliuawa akiwa na umri wa miaka 31.

Robert Torrance, beki aliyeng'ara kuliko wote katika mechi ile ya marudiano, naye aliuawa vitani mwaka 1918. Speirs alihesabiwa kwanza miongoni mwa waliopotea, na mwili wake ulipatikana baada ya vita kwisha. Amezikwa katika makaburi ya Dochy Farm, karibu na Ypres.