Utapakwa, utakaa chini, au utacheza? Mavazi ya mwanamume kabla ya harusi ya Kihindi

Ujumbe huwa unaingia Jumatano jioni, na sherehe ni Jumamosi. "Fundi, salaam aleikum. Nimealikwa kwa Wahindi, kuna mambo ya kabla ya harusi. Nivae nini?" Kabla sijajibu inafuata picha: bwana harusi wa sinema ya Bombay, sherwani, lile koti refu la bwana harusi, imejaa zari, kilemba kina shada, upanga kiunoni. Mimi humrudishia swali: siku hiyo utapakwa, utakaa chini, au utacheza?

Nashona kanzu na kurta, yale mashati marefu ya Kihindi, hapa Mombasa, si mbali na Biashara Street, na kila ikifika Novemba meza yangu hujaa kazi hizi. Wahindu wengi hufanya harusi hadi katikati ya Desemba, husimama kama mwezi mmoja wanaouona hauna heri kwa harusi, kisha huanza tena baada ya Januari 14. Kwa hiyo sherehe zao hapa huangukia kaskazi, joto likiwa kali mchana na usiku. Hilo peke yake limeshaamua nusu ya mambo.

Uliza kwanza umealikwa na nani. Neno "Wahindi" kwetu limebeba watu wengi wasiofanana. Mabohora wana vazi lao, kanzu nyeupe na kofia nyeupe yenye dhahabu, na mgeni hatarajiwi kuwaiga. Wagoa ni Wakatoliki, nao wana siku yao iitwayo roce, ambapo wanaooana hupakwa na kumiminiwa tui la nazi. Tui hilo hilo la wali. Ukienda roce na koti jipya, shauri yako. Nitakayoeleza hapa ni zaidi ya Wagujarati wa Kihindu na Wapunjabi, maana ndio wateja wangu wengi.

Tuanze na kupakwa. Wagujarati huita pithi, watu wa kaskazini mwa India huita haldi. Ni manjano yaliyosagwa, hukandwa na unga wa dengu na mafuta au maji ya mawaridi, kisha jamaa hupita mmoja mmoja kumpaka bwana harusi mashavuni, mikononi na miguuni. Aliyekulia Pwani kwenye nyumba iliyowahi kumtia bibi harusi singo hatashangaa sana. Tofauti ni kwamba singo ni ya chumbani na wanawake watupu, na pithi ni uwanja wa vita. Wakishamaliza kwa mwenye harusi wanageukia wageni.

Mimi mwenyewe nilifundishwa na pithi moja. Nilikwenda kupeleka nguo za bwana harusi, nami nimejipamba, kurta ya hariri rangi ya maziwa niliyojishonea. Foi wa bwana harusi, yaani shangazi yake, akaniita kwa upole, "Fundi bhai, njoo ule." Nilipoinama kuchukua sahani nikapakwa mashavu yote mawili, na mikono akaipangusia kifuani kwangu. Nyumbani mke wangu akaifua kwa sabuni ya mche, na palepale doa la manjano likageuka jekundu kama la tambuu. Akapiga kelele. Sikujua wakati ule kwamba ndivyo manjano yalivyo: yakikutana na kitu chenye magadi hubadilika rangi. Tulipoisuuza kwa maji mengi doa likarudi kuwa la manjano, na siku tatu za kuanikwa juani zikalifuta karibu lote. Jua huyala manjano kuliko sabuni. Lakini na hariri nayo jua huila, na kurta ile haikurudia mng'ao wake.

Kwa hiyo pithi ni ya kurta ya pamba. Pamba inastahimili ndoo, inastahimili jua. Iwe nyepesi, ya bei usiyoilia, rangi ya manjano au ya haradali, ili hata ikipakwa ionekane imekusudia. Chini vaa pajama pana ya pamba, siyo suruali ya suti. Mikono iwe ya kukunjika hadi kiwiko. Saa acha nyumbani.

Hapa ndipo ndugu zangu wa Pwani huuliza: kanzu je? Kanzu nyeupe kwetu ni vazi la Idi, la nikahi, la Ijumaa. Kwa wazee wengi wa Kigujarati, mtu aliyevaa nyeupe tupu toka shingoni hadi miguuni huwakumbusha mazishi. Hakuna atakayekufukuza, lakini bibi mmoja atakutazama mara mbili. Itie juu yake kizibao cha rangi, au shali, yataisha. Na usiifanye hiyo kuwa sheria ya India nzima, maana Kerala ni kinyume chake: mwanamume wa huko akiwa na furaha huvaa mundu, nguo nyeupe yenye pindo la dhahabu, anaifunga kiunoni namna ile ile unayofunga kikoi. Ukialikwa na watu wa Kerala, wewe mtu wa kikoi umeshahitimu kabla ya kufika.

Siku ya hina sitaikalia. Ni ya wanawake, na wanaume siku hizi huitwa kula na kupiga picha. Kurta yoyote safi inatosha, wengi hupenda ya kijani. Chunga tu mikono yako mirefu isije ikapangusa hina mbichi kwenye kiganja cha bibi harusi, kwa sababu hiyo kesi sina namna ya kukushonea.

Kucheza ndiko kwenye kazi. Usiku wa sangiti, yaani wa nyimbo na ngoma, na kwa Wagujarati usiku wa garba, watu huzunguka duara wakipiga makofi, wakiinama na kugeuka, na ikifika dandia kila mtu ana vijiti viwili anavigonganisha na mwenzake, mikono juu ya kichwa. Kwa muda wa saa mbili au tatu. Kurta ikishonwa kama shati la ofisini, hapo ndipo kwapa hupasuka. Namna ya zamani ilikuwa na akili. Anayejua kanzu anazijua sehemu zake: badani mbele na nyuma, taharizi ubavuni, kikwapa chini ya mkono. Kurta ya asili ni vivyo hivyo. Kile kikwapa, kipande kidogo cha mraba ambacho mafundi wa haraka wamekiacha kwa kubana kitambaa, ndicho kinachouacha mkono upande juu bila kuvuta nguo nzima. Ukinunua kurta ya dukani, usijitazame kwenye kioo umesimama kama askari. Inua mikono yote miwili. Pindo likipanda hadi kiunoni, irudishe.

Urefu uishie magotini. Ya kufika katikati ya muundi inapendeza kwenye kiti, lakini kwenye garba utaikanyaga au utapiga hatua za kuku. Mipasuo ya ubavuni ianzie usawa wa mfuko wa suruali.

Vijana hutaka churidari, ile suruali inayobana na kujikunja vikunjo kifundoni. Jina lake limetokana na bangili, kwa sababu vile vikunjo hukaa kama bangili zilizopangwa. Inaweza kuvalika na mtu akacheza, kwa sharti moja: ikatwe mshazari, ili kitambaa kivutike, na iwe ndefu kuliko mguu. Ikikatwa moja kwa moja ni soksi ndefu isiyo na huruma. Mteja wa hivyo mimi humkalisha sakafuni pale pale dukani, akunje miguu, ainuke bila kushika meza, ndipo nachukua vipimo vya mwisho. Wengine huona haya, lakini ni heri haya ya dukani.

Kuhusu kitambaa, ile silki ya kuiga inayong'aa ni plastiki, na Januari ya Mombasa utaikumbuka. Tafuta pamba iliyochanganywa na hariri, au kurta ya rangi moja na juu yake kizibao chenye kola ya kusimama, kile ambacho dunia imekiita kwa jina la Nehru. Kizibao ndicho kibebe darizi. Jasho likianza unakivua, unakitundika kwenye kiti, na bado umevaa. Bandigala, koti la Kijodhpuri lenye shingo iliyofungwa, ni zuri sana kwa usiku wa ukumbi wenye baridi ya mashine. Mzee mmoja aliniuliza kama kaunda suti yake itafaa. Nikamwambia ya mikono mirefu, ya rangi iliyokolea, ni binamu wa bandigala, aende nayo bila wasiwasi. Ya mikono mifupi aiweke ya baraza la kijiji. Sherwani mwachie bwana harusi, nayo ni ya siku ya harusi. Mgeni aliyempita mwenye harusi kwa zari hapendezi, hata akiwa amelipa zaidi.

Zikibaki siku za ibada, kama kuwekeana ahadi ya posa au dua ya nyumbani, ujue utakaa chini, viatu mlangoni. Tazama soksi zako kabla hujatoka. Nguo nyeusi tupu iache. Kwa Masingasinga, kwenye gurdwara, nyumba yao ya ibada, kichwa hufunikwa, na vitambaa huwekwa mlangoni kwa asiye na chake. Mojari, vile viatu vya ngozi vilivyotiwa darizi, vya asili havina kulia wala kushoto mpaka mguu wenyewe uvizoeshe. Vivae nyumbani wiki nzima kabla, la sivyo ni malengelenge.

Sasa turudi kwa mtu wa Jumatano. Pamba mpya lazima ilowekwe usiku mmoja na ikauke kabla ya mkasi, maana hurudi, na kuna foleni mbele yako. Nenda kanunue iliyoshonwa tayari, uniletee Ijumaa asubuhi. Mikono nitaipunguza, pindo nitalipandisha, mipasuo nitaifungua, na kikwapa nikipata kitambaa kwenye bitana nitakutilia. Mabega sina dawa yake. Kwa hiyo ukiwa dukani, chagua kwa mabega.