Mshipi mmoja nao ni uvuvi: kwa wanaotoka Dodoma kwenda kuvua pwani msimu huu

Upepo wa kusi ukishapoa, Oktoba kwenda Novemba kabla kaskazi haijashika, bahari ya pwani inatulia na maji yanaanza kupata joto, na hapo ndo watu wa bara wengi wanapanga safari za kwenda kuvua. Toka SGR ianze kubeba abiria Dar mpaka Dodoma mwaka 2024 imekuwa rahisi zaidi, mtu anapanda treni Ijumaa jioni na ndoano zake kwenye begi, Jumamosi alfajiri yuko Kigamboni au Bagamoyo. Sisi wa ofisi ya uvuvi tunafurahi kabisa, tunataka Mtanzania ale samaki na aijue bahari yake. Ila malalamiko yanayoletwa ofisini hapa Dodoma yamezidi, na mengi yanaanza hivihivi: "afisa, mimi sikuwa navua, nilikuwa nastarehe tu na mshipi wangu wamekuja kuninyang'anya."

Hapana jamani. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 haikuulizi kama samaki unauza au unakula na watoto. Umetumbukiza ndoano kwa nia ya kutoa samaki, basi unavua, na kuvua kunataka leseni. Na ipo leseni ya uvuvi wa burudani kwa ajili ya watu kama nyie, haijafichwa. Anza na afisa uvuvi wa halmashauri ya kule unakokwenda kuvua, sio ya unakoishi, nenda na kitambulisho chako, unajaza fomu, unatolewa kontrol namba, unalipa benki au kwa simu, unarudisha uthibitisho, unapewa leseni na unatembea nayo. Picha ya leseni ya shemeji yako kwenye WhatsApp sio leseni yako. Na leseni yako wewe haifuniki boti, boti ina usajili na leseni yake, chini ya mita 11 inashughulikiwa na halmashauri, mita 11 na kuendelea ni kwa Mkurugenzi wa Uvuvi, kwa hiyo unapokodi muulize nahodha karatasi zake na uhesabu maboya ya kuvaa kabla hujatoa hela. Ukivuka kwenda Unguja au Pemba hizi leseni za bara hazikusaidii, Zanzibar wana sheria yao ya uvuvi na maafisa wao.

Halafu kuna suala la wapi. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini pale Dar ni maeneo tengefu toka mwaka 1975, unaruhusiwa kwenda kuogelea na kula chipsi, hauruhusiwi kuvua, hata kwa mshipi wa mkono, hata samaki mmoja. Kuna hifadhi za bahari pia, Mafia, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na Silikanti Tanga, huko kila kanda ina masharti yake, uliza ofisi ya hifadhi kabla ya kushusha nanga.

Zana sitarefusha. Kokoro, nyavu za timba (za nailoni ya uzi mmoja), bunduki ya mishale, mitungi ya kuzamia, sumu na baruti vyote haviruhusiwi baharini, na baruti ni kesi ya jela. Pweza chini ya gramu 500 usimchukue na usimnunue. Watu wanaona tunawaonea kwa kapweza kadogo, lakini pweza anakua haraka mno, ukimwacha miezi miwili mitatu anazidi kilo, ndo maana kuna vijiji vya Mafia na Songosongo vinafunga miamba yao vyenyewe kwa miezi kadhaa kisha vinafungua na kuvuna wakubwa. Ukikuta mwamba umefungwa na kijiji, heshimu, BMU wa pale, yaani kikundi cha wanakijiji kinacholinda uvuvi, wako kazini. Kasa, nguva na silikanti, yule samaki adimu wa kale, wakinasa warudishwe majini.

Ukikamatwa haki zako ni hizi. Afisa ajitambulishe kwa kitambulisho, aandike hati ya vitu alivyochukua, usaini na upewe nakala. Baada ya hapo ama unafikishwa mahakamani au, kama unakiri kosa kwa maandishi, kosa linaweza kufifilishwa, yaani kumalizwa bila mahakama, na unalipa kwa kontrol namba. Ukimpa mtu hela mkononi pale ufukweni hujalipa faini, umetoa rushwa, na hapo mna makosa wawili. Nimeshawaeleza watu hili mara nyingi na bado wanakuja kudai "nilishalipa".

La mwisho naliogopa kuliko faini. Wengi wetu huku tumejifunzia kuvua Mtera, Hombolo au Bahi, ambako maji ulipoyaacha asubuhi ndipo utakapoyakuta jioni. Bahari haiko hivyo. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi ukiandama, tofauti ya maji kupwa na kujaa inaweza kupita mita 3, na yote hiyo ndani ya saa sita hivi. Mtu anatembea kwenye mwamba maji yamekupwa, anafika mbali, anarusha mshipi, samaki wanakula kwelikweli kwa sababu maji yakianza kujaa ndo wanaingia, na nyuma yake mkondo kati ya mwamba na ufukwe umeshajaa. Asiyejua kuogelea hapo harudi kwa miguu. Uliza wavuvi wa diko la hapo, pale boti zinaposhusha samaki, maji yanaanza kujaa saa ngapi, na yakianza tu geuka, hata kama samaki aina ya changu wanakula. Ratiba ya jana usiitumie leo, inasogea karibu dakika 50 kila siku.

Na bunju, yule samaki anayejivimbisha akitolewa majini, mrudishe. Sumu yake haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Aliyekula akaanza kuhisi ganzi midomoni akimbizwe hospitali dakika hiyohiyo, msikae kumpa maziwa, na mabaki ya samaki mwende nayo daktari ayaone.