Magofu ya Kilwa si ya Wareno
Ukiuliza Lindi mjini nani alijenga magofu ya Kilwa Kisiwani, wengi watakujibu Wareno. Sivyo. Wareno waliuteka mji 1505, wakajenga ngome, wakaondoka 1512. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alikuwa ameshaufikia mji huo 1331, na Msikiti Mkuu ni mkongwe kuliko safari yake. Ni kazi ya Waswahili wenyewe. Hata Gereza, ngome ya ufukweni, sehemu kubwa unayoiona leo ni ya Waomani.

Sogelea ukuta utazame: mawe ya matumbawe, chokaa katikati. Usiupande, chokaa hiyo humong'onyoka.

Kibali kata Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Na usirudi bila kufika Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani. Wengi huiacha kwa sababu iko mbali na Gereza.